Ukubwa wa Gari si Ukubwa wa Mtu

Katika nyumba nyingi za Endiinzi, na katika vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, picha zitokazo ng'ambo hutazamwa na jamaa nzima. Simu hupita mkono kwa mkono, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na kila mtu huwa na la kusema. Picha moja haikosekani kamwe: ndugu amesimama kando ya gari. Aliyeko Marekani huonekana ameegemea gari lenye kimo cha bega lake, magurudumu mapana na bodi ndefu nyuma. Aliyeko Ubelgiji, Uholanzi au Denmark huonekana kando ya kigari kifupi, au juu ya baiskeli, amejifunika koti la mvua. Mara hukumu hutolewa papo hapo ukumbini: huyu amefanikiwa, yule amekwama.

Hukumu ya namna hii si mzaha. Inaleta madhara ndani ya jamaa. Aliyeko Marekani huelemezwa na maombi yasiyokwisha: karo za shule, mabati ya nyumba, gharama za hospitali, mahari ya mdogo wake. Akishindwa kuyatimiza huitwa bahili aliyesahau alikotoka. Aliyeko Ulaya naye huhurumiwa pasipo sababu, au hudharauliwa na wale wale anaowatumia fedha kila mwezi bila ya kelele. Hivyo ndugu wawili waliolala mkeka mmoja hutiliwa uhasama na kitu kisicho na ulimi, yaani gari.

Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Ukubwa wa gari nao umeundwa. Umeundwa na upana wa ardhi, kodi ya mafuta, sheria za serikali na historia ya miji. Anayeyafahamu hayo hatapima tena heshima ya mtu kwa urefu wa gari lake.

Endiinzi na njia za ng'ambo

Endiinzi ni mji mdogo katika Wilaya ya Isingiro, iliyokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Leo wanaishi humo watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni.

Kwa miaka mingi baadhi ya jamaa hizo walipelekwa kuanza maisha mapya Marekani, Kanada na nchi za Ulaya. Mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kwenda wako huko, wanafanya kazi na wanaendesha magari. Kwa hiyo tofauti kati ya Mmarekani na Mzungu wa Ulaya katika suala la magari si habari ya mbali kwa watu wa Endiinzi. Ni habari ya watoto wao.

Marekani: ardhi pana, mafuta ya bei nafuu

Mwaka 1908 kampuni ya Henry Ford ilianza kuuza gari aina ya Model T. Bei yake ilikuwa dola 850 hapo mwanzo, nayo ikashuka hadi dola 260 kufikia mwaka 1925. Hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1927, magari zaidi ya milioni 15 yalikuwa yametengenezwa. Mkulima wa Marekani, ambaye jirani yake alikuwa mbali naye kwa kilomita kadhaa, alipata chombo cha kumfikisha sokoni, kanisani na kwa daktari. Tangu siku hizo gari halikuwa pambo la tajiri. Lilikuwa zana ya nyumba, kama jembe lilivyo kwa mkulima wa Isingiro.

Nchi yenyewe ilikuwa na visima vya mafuta na ardhi isiyobana. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu zipatazo maili 41,000. Miji ikatanuka kandokando ya barabara hizo. Nyumba zikajengwa mbali na kazi, na maduka mbali na nyumba. Magari nayo yakarefuka. Cadillac ya mwaka 1959, yenye mapezi ya nyuma kama papa, ilikuwa na urefu unaokaribia mita 5.7.

Sheria nazo zilisaidia ukubwa huo, nyingine pasipo kukusudia. Kuna kisa ambacho mama wa nyumbani afugaye kuku atakifurahia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku waliotoka Marekani. Desemba 1963 Rais Johnson alijibu kwa kutangaza ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa kadhaa za kigeni, zikiwamo gari ndogo za mizigo. Ugomvi wa kuku ulikwisha, lakini ushuru wa gari za mizigo haukuondoka. Chini ya kivuli chake, watengenezaji wa Marekani waliuza pikapu zao wakiwa na washindani wachache kutoka nje.

Kisha ukaja mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao na bei ikapanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache. Mwaka 1975 Marekani ilitunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kupunguza kiasi cha mafuta kinachotumiwa na magari. Hata hivyo magari yaliyohesabiwa kuwa ya mizigo yalipewa masharti mepesi kuliko magari madogo ya abiria. Baada ya muda watengenezaji waliona faida ya kuwauzia raia magari marefu yenye asili ya lori, yakiwa na viti vya kustarehesha. Pikapu za Ford za jamii ya F zimeongoza kwa mauzo ya pikapu nchini humo tangu mwaka 1977.

Ulaya: mitaa myembamba, kodi nzito

Ulaya mambo yalikwenda kinyume. Miji yake mingi ilijengwa wakati wa farasi na waendao kwa miguu, hata mitaa mingine ni myembamba kiasi kwamba magari mawili hayapishani. Aidha, serikali zilitoza kodi kwa kutazama ukubwa. Uingereza, tangu mwaka 1921, ilitoza pauni moja kwa kila nguvu ya farasi iliyohesabiwa kwa kipimo cha upana wa silinda. Model T ya Marekani ilidaiwa kodi kubwa, ilhali Austin Seven, iliyotokea mwaka 1922, ililipiwa sehemu ndogo tu ya kodi hiyo. Mwananchi wa kawaida hakuhitaji kushawishiwa zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi hizo zilikuwa na mahitaji mengi na fedha chache. Ufaransa ilitoa Citroën 2CV mwaka 1948, gari lililobuniwa kwa ajili ya wakulima, nalo lilitakiwa liweze kuvuka shamba lililolimwa likiwa na kikapu cha mayai pasipo yai kuvunjika. Italia ilitoa Fiat 500 mwaka 1957. Uingereza, iliyopata uhaba wa mafuta baada ya mgogoro wa Suez wa mwaka 1956, ilitoa Mini mwaka 1959, kazi ya mhandisi Alec Issigonis. Urefu wa Mini ulikuwa kama mita tatu tu. Cadillac moja ya mwaka huo huo ilikaribia urefu wa Mini mbili zilizopangwa mkia kwa pua.

Kodi haijalegea. Serikali kuu ya Marekani hutoza senti 18.4 za dola kwa galoni moja ya petroli, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1993. Hiyo ni chini ya senti tano kwa lita, ingawa kila jimbo huongeza kodi yake. Umoja wa Ulaya umeziamuru nchi zake zisitoze chini ya senti 35.9 za yuro kwa lita, na nyingi hutoza zaidi. Denmark hutoza kodi ya usajili ambayo, kwa sehemu ya juu ya bei ya gari, hufikia asilimia 150. Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu. Katika nchi kama hizo, mwenye kigari kidogo ametumia busara, na mwenye baiskeli huenda ana mshahara mzuri kuliko mwenye pikapu wa Marekani.

Yafaa kusema kweli kwamba tofauti hii imeanza kupungua. Siku hizi zaidi ya nusu ya magari mapya yanayouzwa Ulaya ni yale marefu ya kwenda juu, yanayofanana na ya Marekani. Lakini upinzani upo. Tarehe 4 Februari 2024 wakazi wa Paris waliitwa kupiga kura, na wachache waliojitokeza, kwa wingi wa asilimia 54 na ushei, walikubali kwamba magari mazito ya wageni wa mji yalipie maegesho mara tatu, yaani yuro 18 kwa saa katikati ya mji. Ni vigumu kufikiri kura kama hiyo ikipita katika mji wa Texas.

Mtihani wa matope

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa uwanja wa kupima mawazo haya mawili. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalipendwa na watoto wa vijijini waliokaa juu ya kingo za barabara kungojea vumbi. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta magari ya Mercury Comet, pamoja na mafundi na matayarisho makubwa. Kwa Wamarekani, Comet lilikuwa gari la kadiri, wala si kubwa. Kwa barabara za huku lilikuwa na urefu unaokaribia mita tano.

Mvua ilinyesha na njia zikageuka kuwa uji. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya, akiendesha Ford Cortina iliyotengenezwa Uingereza, gari fupi kuliko Comet kwa zaidi ya nusu mita. Comet zilizofika mwisho zilikuwa mbili tu, nazo zilikuwa nyuma kabisa. Kampuni ilikuwa moja, na jina la mwenye mali lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni nchi ambayo kila gari lilibuniwa kwa ajili yake. Baadaye Peugeot 404 ya Ufaransa ilishinda mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, na tangu mwaka 1970 Datsun za Japani zikaanza kutamba. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa Datsun mwaka 1973, kisha mara nne nyingine mfululizo kuanzia mwaka 1979.

Hesabu isiyoonekana katika picha

Turudi kwenye simu inayopita mkono kwa mkono. Picha ya ndugu na pikapu yake haionyeshi mkataba wa benki. Wamarekani wengi hununua gari kwa mkopo wa miaka mitano, sita, hata saba. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilikadiria mwaka 2023 kwamba kumiliki na kuendesha gari jipya kuligharimu zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka, ukijumlisha bima, mafuta, riba, matengenezo na kushuka kwa thamani. Aliyenunua gari lililotumika hulipa kidogo kuliko hapo, lakini bima na mafuta hayamwachi.

Tena hana hiari. Mathalani kijana aliyelelewa Nakivale, akapata kazi katika kiwanda cha kusindika nyama pembezoni mwa mji wa Marekani, zamu yake huanza alfajiri na basi hakuna. Asipokuwa na gari hana kazi. Asipokuwa na kazi hana kodi ya nyumba. Gari lile ambalo mama yake hulitazama kama ushindi ni sawa na jembe la mkopo. Dada yake aliyeko Ulaya, anayepanda treni kwenda kuwauguza wazee, hana deni la namna hiyo. Pengine ndiye mwenye akiba.

Kwa sababu hiyo, mzazi mwenye hekima haulizi, "Gari lako ni aina gani?" Huuliza, "Mwanangu, unalala saa ngapi? Deni limebaki kiasi gani? Watoto wanakula vizuri?" Maswali hayo humwondolea mtoto aibu ya kueleza hali yake ilivyo, nayo hulinda udugu.

Watoto kandokando ya barabara

Liko jambo jingine linalowahusu zaidi akina mama. Gari refu lenye pua ya kwenda juu humpiga mtu kifuani au kichwani badala ya miguuni, na dereva wake haoni vyema kilicho karibu mbele yake. Nchini Marekani waendao kwa miguu waliouawa na magari walikuwa 4,109 mwaka 2009. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Sababu ni nyingi, zikiwamo mwendo wa kasi na giza la usiku, lakini ukubwa umetajwa miongoni mwake. Taasisi ya IIHS ya nchi hiyo ilitangaza mwaka 2023 kwamba gari lenye boneti inayozidi sentimita 102 kutoka chini lina uwezekano wa kuua zaidi kwa kiasi cha asilimia 45, likimgonga mtu, kuliko gari lenye boneti ya mteremko isiyozidi sentimita 76.

Katika njia za Endiinzi watoto huenda shule kwa miguu, wakichangamana na mbuzi, boda-boda na baiskeli zilizosheheni ndizi. Magari makubwa ya kazi hupita humo, na mengine yanahitajika kweli kweli, kwa kuwa njia za udongo wakati wa masika hazimhurumii mtu. Mzazi hawezi kuyazuia. Anaweza kumfundisha mtoto kwamba dereva wa gari refu huenda hamwoni, kwa hiyo asipite mbele ya gari lililosimama hata kama injini imezimwa.

Kutoka wabenzi hadi mashangingi

Isidhaniwe kwamba tamaa ya ukubwa ni ya Wamarekani peke yao. Kiswahili chenyewe kimeiwekea majina. Baada ya uhuru, wakubwa waliopenda Mercedes-Benz waliitwa wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya. Miaka ya baadaye Land Cruiser za fahari ziliitwa mashangingi huko Tanzania, jina lisilo la sifa njema.

Serikali nazo zimejaribu kurekebisha. Tanzania, katika miaka ya uhaba wa mafuta, ilikataza magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kenya, Juni 2009, kupitia hotuba ya bajeti ya Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta, ilitangaza kwamba mawaziri na maofisa wakubwa watumie magari yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa. Wako waliozipokea kwa shingo upande. Aliyezoea kuwatazama watu kutoka juu huona uchungu kuteremka.

Kabla ya kununua

Jamaa ya Endiinzi inayopata fedha kutoka ng'ambo na kukusudia kununua gari la kubebea maharage na ndizi hadi Mbarara haina budi kujiuliza maswali machache. Kwanza, mzigo wa kila juma ni kiasi gani hasa? Gari la tani nyingi linalokwenda nusu tupu hula faida yote. Pili, vipuri vyake viko karibu? Magari ya Kijapani yametapakaa Uganda na mafundi wanayafahamu, bali gari la Kimarekani lenye usukani wa kushoto litamhangaisha mwenyewe. Tatu, umri wake ni upi? Tangu Oktoba 2018 Uganda hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Nne, njia ya kwenda shambani inahitaji kimo kiasi gani, na ni miezi mingapi kwa mwaka? Tano, ni nani atakayelipa bima na matairi baada ya shangwe kwisha?

Maswali hayo yafaa yajibiwe na mume na mke pamoja, kwa kalamu na karatasi, kabla ya shilingi moja kutoka. Na iwapo jibu litakuwa kwamba pikipiki ya magurudumu matatu, au kukodi gari la jirani siku ya soko, kunatosha, hapana aibu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mmarekani amepewa anga pana akaota mbawa pana. Mzungu wa Ulaya amepewa tundu akajifunza kuruka kwa mbawa fupi. Mtu wa Isingiro naye na apime kilima chake, mvua yake na mfuko wake, ndipo achague.